Mteja wa Chai na Chapati Naye Ni Mteja

Juzi asubuhi, katika mgahawa mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambao sitautaja jina, nilimwona mzee mlinzi akinyanyuliwa kwenye kiti chake ili wakae vijana watatu waliokuja kunywa supu. Alikuwa bado na sare, koti zito la usiku amelilaza mapajani, na kwa wekundu wa macho yake hapakuwa na haja ya kuuliza ametoka wapi. Alikuwa ameagiza chai ya maziwa na chapati mbili kabla mimi sijaingia. Binti aliyekuwa akihudumu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, hakumpa shikamoo wala samahani, bali alimwambia tu, "Baba, sogea pale nje, hapa wanakaa watu." Vijana wakapokelewa kwa "karibuni mabosi", meza ikafutwa upya, na supu yao ya mbuzi ikafika na ndimu, pilipili na chapati za moto wakati mzee hajaletewa hata kikombe. Aliuliza kwa upole, "Binti yangu, chai yangu vipi?" Akajibiwa kwamba inakuja. Baadaye alisimama, akavaa koti lake, akaondoka kuelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani bila kutia kitu kinywani.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na sidhani kama hasira hiyo inanihusu mimi peke yangu, kwa sababu kila anayekunywa chai mgahawani katika jiji hili amewahi kuliona jambo hili au limemfika mwenyewe. Mteja hupimwa mlangoni. Mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, au mwenye funguo za gari mkononi, hudhaniwa kuwa ni wa supu, na fundi, mlinzi, mbeba mizigo na mama aliyetoka kuchukua mboga sokoni hudhaniwa kuwa ni wa chai. Tangu hapo kila mmoja hupewa mgahawa wake, ingawa wote wamekaa chini ya paa moja.

Wenye migahawa hujitetea kwa kusema kwamba asubuhi kuna msongamano, na kwamba jiko huzidiwa. Tuutazame utetezi huo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Chai ya maziwa huchemshwa kabla mteja wa kwanza hajafika, na kufikia saa 12 asubuhi imekwisha kumiminwa kwenye chupa kubwa zilizopangwa kaunta. Chapati zilizopikwa alfajiri zimo ndani ya hotipoti, hatua chache kutoka kwenye chupa hizo. Kumhudumia mtu wa chai na chapati ni kuchukua kikombe, kumimina, kuweka chapati kwenye sahani na kutembea hadi mezani. Supu ndiyo yenye kazi: nyama hutolewa kwenye sufuria, hukatwa juu ya gogo kwa kadiri mteja alivyochagua, mchuzi huchotwa kwa upawa, kisha ndimu na pilipili hutafutwa, na mara nyingi bakuli hurudishwa jikoni kwa sababu mteja alitaka mbavu akapewa mguu. Kwa hiyo chai inapochelewa huku supu ikiwahi, jiko halihusiki hata kidogo. Kuna mtu aliyeamua kwamba kikombe kile kinaweza kungoja, na uamuzi huo ulifanywa mbele ya chupa iliyojaa.

Nimejaribu kuelewa uamuzi huo unatoka wapi, kwa sababu siamini kwamba mabinti wanaohudumu katika migahawa hii wamelelewa bila adabu. Wengi wametoka katika nyumba ambamo mtoto hathubutu kumpita mkubwa bila kumwamkia. Mhudumu mmoja wa mgahawa mwingine aliwahi kunieleza kwamba posho yake ya siku hutegemea mauzo ya meza zake, na kwamba mteja wake akiondoka bila kulipa, gharama hukatwa kwake. Meza ya supu tatu humletea posho, na pengine chenji inayoachwa, wakati meza ya chai moja humchukulia nafasi tu. Binti wa namna hiyo amefundishwa na tajiri wake, kila jioni wakati wa hesabu, nani anastahili kukimbiliwa. Halafu yeye mwenyewe amesimama tangu alfajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya saa 1 kwa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Ningependa kuona ni migahawa mingapi ya asubuhi inayowapa wahudumu wake saa hiyo moja, wakae nao, wanywe chai yao. Aliyekosewa kila siku hana akiba kubwa ya upole wa kuwagawia wengine, na kwa hilo lawama yangu kubwa namwekea mwenye mgahawa kabla ya kumwekea binti.

Sheria hiyohiyo inaitambua kazi ya usiku, inayohesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inaagiza nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi hiyo. Asilimia 5 ni pesa ndogo sana kwa mtu aliyekesha akilinda mali ya wengine. Anapoitoa sehemu yake kununua kifungua kinywa, shilingi yake imetoka mbali zaidi kuliko ya kwangu na ya wale vijana watatu, na kama kuna mteja ambaye chai yake ingefaa kuwahi kuliko za wote, ni yeye ambaye bado ana safari ya kurudi Mbagala au Gongo la Mboto ndipo alale.

Na hata tukiweka utu pembeni, tukazungumza biashara tupu, hesabu inawaumbua. Katika mgahawa ule chai ya maziwa ni shilingi 1,000 na chapati ni 500, kwa hiyo mteja wa chai na chapati mbili huacha 2,000. Supu na chapati zake ni 6,000. Mtu wa supu, hata mwenye kazi nzuri, huja mishahara ikitoka, au siku alipochelewa kulala, na akija mara mbili kwa mwezi ameacha 12,000. Mlinzi anayepita hapo kila anapotoka lindoni, siku 26 za kazi, ameacha 52,000, na siku akiridhika atakuja na mwenzake wa lindo la jirani. Kodi ya nyumba inalipwa na huyu. Sijui ni mfanyabiashara gani wa mitaa hiyo, ambayo imejaa watu wanaojua thamani ya mteja wa kudumu, anayeweza kumnyanyua mtu wa 52,000 ili kumpisha mtu wa 12,000 na akalala akiamini kwamba amefanya kazi nzuri.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kuendesha mgahawa wa asubuhi si kazi nyepesi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka nje, na tangu vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto Februari 2022 wapishi wa chapati walionja uchungu wa bei za unga na mafuta ya kula kabla ya watu wengine wote. Kodi za Kariakoo zinatisha. Wapo pia wateja wanaokaa na kikombe kimoja tangu saa 1 hadi saa 4 wakisoma magazeti na kuzungumza kwenye simu, na mwenye meza sita ana haki ya kuwaomba wapishe wengine. Lakini anayeombwa kupisha ni yule aliyemaliza kula, na huombwa kwa maneno ya heshima. Mtu ambaye hajaletewa alichoagiza hadaiwi kiti.

Yapo mengine ambayo ningeyasema kwa urefu kama hili lisingenijaa moyoni. Bei ziandikwe ukutani, ili mwenye 2,000 asilazimike kuuliza mbele za watu. Kwenye bomba la kunawia kuwe na sabuni wakati wote. Chapati ya jana iliyopashwa isiuzwe kwa jina la chapati ya leo, na supu ibaki motoni, kwa maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe juu ya nyuzi joto 60 hadi kinapoliwa.

Kwa mama lishe mambo haya hayanipati, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wenye uwezo wa kukaa mgahawani bado wanakwenda kwenye mabenchi yake. Yupo mmoja Buguruni anayeuza vitumbua, mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye tangawizi, ambaye huwahudumia watu kwa kadiri walivyofika. Siku moja mtu mwenye suti alinyoosha noti kubwa juu ya vichwa vya waliotangulia, naye akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, kuna bibi hapo mbele yako, nikimaliza kwake nakuja." Alikubali, akasubiri, akala, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Mama huyo hana menyu wala kaunta ya vioo, lakini nina hakika kwamba hakuna aliyetoka kwake na njaa kwa sababu ya nguo alizovaa.

Ninachowaomba wenye migahawa kinawezekana kuanzia kesho asubuhi. Mtu mmoja asimame kwenye chupa na hotipoti, kazi yake iwe chai na vitafunwa tu, wala asiitwe kwenye supu. Oda zifuate zamu ya kufika. Wahudumu walipwe posho isiyotegemea mteja ameagiza nini, na mwenye umri aamkiwe kabla ya kuulizwa anataka nini. Nasi tunaokunywa supu tuna sehemu yetu, kwa sababu nafasi hizi hupokonywa watu kwa jina letu na kwa ajili ya pesa zetu: ukikaribishwa kwenye meza ambayo mwenzako ananyanyuliwa kabla hajala, ikatae meza hiyo, na umweleze aliyekaa kaunta ni kwa nini umeikataa.