Nataka Tochi Tu, Jamani

Jamani, tochi imekosa nini hata ikapewa adhabu hii? Zamani kurunzi ilikuwa na kazi mbili: kuwaka na kuzimika. Unasukuma swichi mbele kwa kidole gumba, mwanga. Unairudisha nyuma, kiza, kila mtu kwao. Leo ingia duka lolote hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, uulize tochi, kijana atakutazama usoni akuulize: "Ami, wataka ya modi ngapi?" Modi! Mimi nataka kutoka msikitini baada ya isha nifike kwangu bila kukanyaga mavi ya punda, mwanangu. Hiyo ni modi moja.

Asiyeijua Lamu atadhani nalalamika bure. Mitaani humu hamna magari, kwa hivyo hamna taa ya gari ya kukuokoa. Stima ikipotea, na hupenda kupotea wakati umeshika tonge mkononi, unabaki wewe, mifereji, ngazi zisizolingana, paka, na punda aliyesimama katikati ya kichochoro. Punda husinzia wima, bwana. Hapumui kwa sauti, hasemi hodi, na rangi yake ni ile ile ya kiza.

Sasa hii tochi niliyonayo ina kitufe kimoja na tabia tano. Ukibonyeza mara ya kwanza, jua la saa sita. Ya pili, jua la alasiri. Ya tatu, mwanga wa wastani, ndio ninaoutaka. Ya nne inapepesa disko. Ya tano inapiga esoesi: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi, ile ishara ya meli zilizo taabani ambayo mataifa yaliikubali mwaka 1906. Na kuizima lazima uzipitie zote. Kwa hivyo kila usiku mbele ya mlango wangu, kabla ya kuingia ndani, napiga disko kisha natangaza kwamba nazama.

"Jirani, kuna nini tena?" wananiuliza kutoka darini.

"Hakuna kitu, nazima tochi."

Tuje kwenye boksi lake. Limeandikwa lumeni 100,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Mshumaa hutoa kama 12, na ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Piga hesabu: ndani ya kijitochi kinachoingia mfuko wa kanzu nimeuziwa balbu 125. Ingekuwa kweli, kanzu ingeshaungua na mimi ndani yake. Betri nayo imeandikwa 18650, na muuzaji ameapa wallahi kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Hicho ni kipimo cha umbo, kijana: unene milimita 18, urefu milimita 65. Ubavuni wameongeza 9,900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri, na betri za umbo hilo kutoka kwa watengenezaji wanaojiheshimu hufika kama 3,500 hivi, basi. Zilizobaki ni za kumfurahisha mnunuzi.

Na hata lingekuwa kweli, jua lote hilo la nini? Vichochoro vyetu vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuta zenyewe zimepakwa chokaa. Ukiwasha tochi kali, mwanga unagonga ukuta mweupe unarudi machoni mwako. Unapofushwa kwa pesa zako mwenyewe. Ukizima, macho yanataka karibu nusu saa yazoee kiza upya, na mfereji haukungoji. Mwanga mdogo, lumeni 20 au 30, humu unatosha na kubaki, maana chokaa yenyewe inausambaza. Haya muambie muuzaji. Atakuona mzee bakhili.

Wapo wanaosema simu inatosha. Simu! Unatembea unamulika chini, mara inalia, unaiweka sikioni, na taa bado inawaka. Sasa njia iko gizani, na mwanga wote umeingia dirishani kwa watu waliofungua kwa ajili ya joto. Nenda ukaeleze kwamba ulikuwa unazungumza na shemeji yako. Simu iliyojua kumulika ni ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, na sisi tukaiita mulika mwizi. Ilikuwa na kitochi kichwani, ikianguka unaiokota unaendelea na salamu ulipoishia.

Taa ya sola sina ugomvi nayo. Unaning'iniza, mwanga umetulia, watoto wanasoma, bi mkubwa anakuna nazi. Ila inataka juani, na juani maana yake darini, na darini wapo kunguru, nao cha mtu ni chao. Usipowaogopa kunguru ukaiacha kwenye bati mchana kutwa, betri nayo inachoka mapema, kwa sababu joto kali hailipendi.

Ya kuvaa kichwani je? Hiyo naikubali. Mkono mmoja kikapu, mmoja unashika msuli, na njia unaiona. Tatizo ni adabu. Unapita dakani, wazee wamekaa, unageuka kuwasalimu kwa heshima zote, na unawapiga mwanga wa macho mmoja baada ya mwingine. "Wa alaikumu salamu, lakini punguza jua, mwanangu." Dawa yake ni kuiinamisha iangalie chini. Sasa nasalimia watu nimeinama, na wanasema nina deni.

Basi mimi ninayoitaka ni ndogo, ya kichwani, inaanza na mwanga mdogo, inazimika kwa kubonyeza mara moja, na inatumia mawe ya kawaida yanayopatikana kila kibanda. Mawe nayo yana shida zake. Hewa yetu ya chumvi inaivisha springi ya ndani ukoga wa kijani, unaukwaruza kwa ubavu wa kibiriti hadi shaba ionekane. Na yakiwa mapya hayalali ndani ya tochi usiku wa pili. Bi mkubwa ameshayahamishia kwenye rimoti. Rimoti ya televisheni, na stima haipo!

Jana nikarudi dukani, kiza kimeingia na stima bado haijarudi. Kijana akanitolea kitu cha buluu, kina mpini, kina antena.

"Ami, hii ndiyo mwisho. Ina redio, inachaji simu, ina spika, unaweka na memori kadi."

"Ina taa?"

"Ah, Ami, taa itakosaje?"

Akakigeuza juu, akakigeuza chini, redio ikakoroma, akaizima. Kisha akatoa mulika mwizi yake mfukoni, akaiwasha, akaanza kutafuta swichi.