Donsol Haimlishi Potwe, na Iko Sahihi

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa pwani ya Tanzania. Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, amesimama wima majini, mdomo umeachama juu ya uso wa maji, na mvuvi aliyekaa kwenye kamtumbwi kadogo anamdondoshea uduvi kidogo kidogo. Pembeni watalii wamejipanga wakipigwa picha. Chini yake mtu ameandika: "Mafia tumelala, wenzetu Ufilipino wanapiga hela." Zikafuata alama za kukubali, na mmoja akapendekeza jambo hili lipelekwe Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, kabla ya msimu wa potwe.

Imeniudhi, na nitasema kwa nini.

Kwanza, wenzetu Ufilipino wapi? Video ile ni ya Oslob, kisiwani Cebu. Nchi hiyohiyo ina Donsol, mji mdogo wa mkoa wa Sorsogon, kusini-mashariki mwa Luzon, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka Legazpi. Watu wa Donsol ni wa nazi, mpunga na samaki. Wao waliishi na potwe, ambaye kwao ni butanding, kabla Oslob haijawaza kumrushia chochote. Na hawamlishi. Mgeni akifika siku ambayo potwe hakutokea, anarudi hotelini bila kumwona. Watu wengi wanauona huo kuwa udhaifu wa Donsol. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Tukumbuke walikotoka. Mwanzoni mwa 1998 wapiga mbizi walimrekodi butanding katika maji ya Donsol, habari zikaenea, na kabla watalii hawajajaa wakaja wawindaji. Potwe kadhaa waliuawa. Wakati huo nyama yake ilikuwa na soko Taiwan, na huko Bohol na Misamis Oriental zilikuwapo familia zilizoishi kwa kuwawinda. Donsol haikuwa mji wa matajiri. Ingeweza kudai fungu lake. Badala yake manispaa ikaweka ulinzi mwaka uleule, na Machi 1998 serikali kuu ikapiga marufuku kumvua na kumuuza nchi nzima. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kule Santiago, Chile, Ufilipino na India ndizo zilizobeba hoja iliyomwingiza potwe kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa duniani.

Wavuvi wakafundishwa kazi mpya. Ukifika Dancalan, kitongoji cha ufukweni zinakoanzia safari, unajiandikisha, unaonyeshwa masharti, kisha unapangiwa bangka, chombo chenye mbawa pande mbili ambacho mtu wa Mafia akikiona anakifahamu mara moja, ila hiki ni kikubwa na kina injini. Ndani yake yumo nahodha, yumo mtu wa kuangalia kivuli cha samaki majini, na yumo msimamizi wa wageni wanapokutana na potwe, wanayemwita BIO. Chombo kimoja kwa potwe mmoja. Waogeleaji wasizidi sita. Dakika kumi, basi. Usimguse, usimwashie mwanga wa kamera, usishuke na mtungi wa hewa, na mkia wake kaa nao mbali kuliko unavyofikiri inatosha.

Sasa mtazameni yule anayesimama juu akitafuta kivuli. Kazi yake ni ya ujuzi. Anajua rangi ya maji yenye chakula, anajua mkondo wa asubuhi unaelekea wapi, anatofautisha kivuli cha wingu na kivuli cha samaki mwenye urefu wa basi. Ujuzi huo aliupata kwa uvuvi, na pengine kwa baba yake. Utalii wa Donsol ulimkuta akiwa nao, ukamlipa kwa ajili yake. Ukianza kumlisha potwe mahali pamoja kila asubuhi, mtu huyu humhitaji tena. Unachohitaji ni ndoo na mtu wa kukata tiketi. Wanaosema kulisha kunaleta ajira hawajajiuliza ni ajira ya namna gani, na kijana atarithi nini siku ndoo ikipigwa marufuku.

Na samaki mwenyewe? Potwe ni msafiri. Donsol wanawatambua mmoja mmoja kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, kwa programu iliyotokana na hesabu za kulinganisha picha za nyota. Kati ya 2007 na 2016 walitambuliwa zaidi ya 400, na wengine walionekana wakirudi mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewaita kwa chakula. Walikuja kwa sababu bahari ile ina riziki yao, na wakaondoka wakati wao ulipofika. Oslob watafiti wameona baadhi ya waliozoea kulishwa wakikaa muda mrefu kupita kawaida, wakisogelea vyombo, na wengi wana makovu mwilini. Mnyama anayejifunza kwamba chombo ni chakula atakifuata hata chombo kisicho na uduvi, mahali pasipo na msimamizi wala sheria. Hilo peke yake lilipaswa kumaliza mjadala. Matumbawe ya Tan-awan, pale wanapolishia, nayo yameumia kwa msongamano.

Nitakubali moja, ingawa kwa shingo upande: Oslob pesa imewafikia wavuvi. Sehemu kubwa ya ada, asilimia 60, ilipangwa iende kwao, iliyobaki manispaa na kitongoji. Mvuvi wa Tan-awan aliyejenga nyumba ya tofali na kusomesha watoto siwezi kusimama mbele yake nikamwita adui wa bahari. Donsol nayo imepitia misimu mikavu, vyombo vimefungwa ufukweni huku wageni wakipanda ndege kwenda Cebu kwenye uhakika. Na siku za wageni wengi masharti yake yamevunjwa, bangka zikimsonga samaki mmoja. Sisemi ni mji wa malaika.

Lakini kuna jambo la mwaka 2009 ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Mwezi Machi, Pilar, mji jirani na Donsol, alipatikana potwe mchanga wa sentimita 38, amefungwa kamba mkiani na kamba imefungwa kwenye kijiti kilichochomekwa ufukweni. Sentimita 38! Mkono wangu wa mbele unakaribia urefu huo. Habari ikafika kwa watu wa uhifadhi waliokuwa Donsol, wakaenda, wakampima, wakampeleka kwenye maji ya kina na kumwachia. Ni miongoni mwa potwe wadogo kabisa waliowahi kuonekana hai, na ilionyesha kwamba huenda maji yale ni mahali pa kuzaliwa pia. Fikirini habari ile ingepatikana miaka kumi na mbili nyuma, wakati potwe alikuwa nyama tu. Nani angempigia nani simu?

Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni sawa, wenyeji wapone. Ila katika bahari ya Kilindoni potwe naye ni mwenyeji. Vifaa vilivyowekwa majini kunasa mlio wa alama walizofungwa potwe vimeonyesha kwamba wapo wasioondoka Mafia hata msimu unapokwisha, wanakaa mbali kidogo tu, tusikowaona. Chakula chao ni uduvi mdogo kama ule ambao Oslob wanautia kwenye ndoo, na kwetu Mungu anauleta bure kuanzia Oktoba. Wavuvi wetu wa dagaa hutupa nyavu karibu nao kila msimu na samaki huyu amezoea kuwa jirani. Na tukumbuke kwamba upande ule wa magharibi uko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kwa hiyo ulinzi wake unategemea zaidi taratibu na ustaarabu wa walio kwenye chombo. Tukianza na ndoo, taratibu hizo hazitadumu msimu mmoja.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyependekeza, peleka hoja Kilindoni, ni haki yako. Lakini pendekeza tuwafundishe na kuwalipa vizuri waongozaji wetu kama BIO wa Dancalan, pendekeza chombo kimoja kwa potwe mmoja na faini kwa nahodha anayekiuka, na mgeni aambiwe kabla hajalipa kwamba leo anaweza asimwone. Suala la ndoo nitakuja kulipinga mwenyewe, mbele ya kikao.