Jogoo wa shukrani asipigwe mnada

Jumapili iliyopita hapa Busia mama mmoja alileta jogoo kanisani. Akasema wazi huyu ni wa kuchinjwa, tena nyumbani kuna sufuria mbili za matoke na kreti ya soda, twende tule sote, kwa sababu mwanawe aliyegongwa na bodaboda mwaka jana ametupa magongo. Mzee wa kanisa akashika maikrofoni: "Mama, Mungu akubariki, lakini mabati bado hayajatimia." Jogoo akapigwa mnada. Tukapiga makofi, tukarudi makwetu na njaa.

Nimekasirika tangu siku hiyo.

Kufunga tunapangiwa. Kwaresima siku 40, mkesha kila Ijumaa, na hakuna anayeuliza bajeti. Taja karamu, ghafla kanisa zima ni wahasibu.

Wazee wetu wanaipenda Malaki 3:10, ule mstari wa kuleta zaka kamili ghalani, kuliko chai. Basi wafungue Kumbukumbu la Torati 14. Mwisraeli aliyekaa mbali aliambiwa auze zaka yake, asafiri na fedha, akifika anunue chochote roho yake inachotamani: ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo. Ale mbele za Bwana, afurahi na nyumba yake. Zaka hiyo! (Walokole wenzangu, kwenye kileo msinishike shati, nasoma tu kilichoandikwa.) Na ilikuwa amri, haikuachiwa mwenye moyo mwepesi. Sikukuu ya Vibanda, siku saba, na kwenye meza wamo mtumwa, mgeni, yatima na mjane. Mtu aliyetoka kuvuna amechoka, pengine anadaiwa. Hafurahi hivi hivi. Furaha hutengewa siku, ikapikiwa, ikaitiwa majirani, hata kama moyo bado unasuasua. Tunajilazimisha kukesha, mbona hatujilazimishi kucheka?

Haya, najua wapo wanaokopa ili kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa kina binti, ipendeze, kisha miezi sita wanawakwepa wanaowadai. Na mabati ni kweli, mvua hutunyeshea ndani. Hata ile zaka, kila mwaka wa tatu ilibaki mjini kwa maskini. Sawa. Ila sufuria za yule mama hazikuwa na deni la mtu.

Ajabu ni kwamba kila Juni 3 tunajaa Namugongo, karibu na Kampala, wengine wakitembea siku nyingi barabarani, kuwashangilia kwa ngoma vijana Wakristo waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao mwaka 1886. Kifo tunakichezea ngoma, lakini mguu uliopona unaishia kwenye daftari la mhazini!

Jioni nilipita kwa yule mama. Matoke yalikuwa yamepoa, kijana mwenyewe akachuchumaa kuchochea moto, akasimama bila kushika ukuta. Tulikuwa watu saba, pamoja na majirani wawili Waislamu walioitwa na harufu. Tulikula na mchuzi wa njugu.