Ujiji tuna adabu ya ulimi, ya mkono je?

Kuna usemi ambao Waislamu tulioko Ulaya tunaupenda kupita kiasi, na wa nyumbani nao wameudaka: kwamba Ulaya kuna Uislamu bila Waislamu, na kwetu kuna Waislamu bila Uislamu. Wengi humnasibishia Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Mimi naishi Hamburg, kwetu ni Ujiji, na usemi huu umenichosha. Nikirudi likizo hakosi mzee barazani wa kuutaja, vijana wanatikisa vichwa, mwenye birika anamimina kahawa nyingine, na habari imeishia hapo.

Tuanze na huku. Watu husifu treni za Hamburg kwamba hazina geti, unapanda na kushuka bila kuulizwa tiketi. Ni kweli. Lakini wakaguzi nao hupanda siku usiyowatarajia, wamevaa nguo za kawaida kama abiria, na ukikutwa huna tiketi faini ni yuro 60. Utaratibu mzuri, siukatai. Ila kuogopa yuro 60 siwezi kukuita uchamungu.

Shamba la maua ndilo linalonishinda. Nje ya mji, kando ya barabara, utaona ubao wenye bei, kisu cha kukatia, na kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia hela. Mwenye shamba hayupo. Watu wanasimamisha gari, wanakata maua yao, wanahesabu, wanatumbukiza sarafu, wanaondoka. Wezi wapo, tusidanganyane, ndiyo maana kisanduku kina kufuli. Lakini kila mwaka maua yanapandwa tena, kwa hiyo wanaolipa bila shaka wanawazidi wanaoiba.

Halafu kuna jirani yangu wa mlango wa pili. Nikikaanga dagaa hubandika karatasi ngazini, bila kuweka jina, akiomba wapangaji wafungue madirisha. (Mwandiko wake naujua.) Nikiugua hatabisha hodi. Lakini huku mleta vifurushi asipokukuta humwachia jirani, na mama huyu amenitunzia vya kwangu hata nikiwa safarini, vyote nimevikuta kama vilivyofungwa. Amana ni amana, na yeye kailinda. Nikikumbuka kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, usiku wa kuhama Makka alimwacha Ali nyuma ili arudishe amana za watu, wakiwemo Makureshi waliokuwa wakimwinda, naona jambo hili si dogo kama tunavyolichukulia.

Sasa nyumbani. Ukifiwa Ujiji huna haja ya kumpigia mtu simu. Kabla hujakaa sawasawa mikeka imeshatandikwa, kina mama wanachambua mchele, vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Kumsalimia Mwislamu mwenzio, kumtembelea mgonjwa, kusindikiza jeneza: haya yamo katika hadithi ya haki za Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake, na kwetu hata mtoto anayajua kabla hajaanza madrasa. Hamburg niliwahi kuugua wiki nzima na aliyenijulia hali ni mwajiri, akitaka cheti cha daktari. Hapo sina cha kubishana na mtu, kwetu ni bora, tena kwa mbali.

(Ila hili la kusema Wazungu huwatupa wazee wao tuliache. Nafanya kazi nyumba ya wazee. Jumapili maegesho hujaa, watoto na wajukuu wamekuja na keki.)

Shida yangu ni sokoni. Mtu akikuuzia dagaa huchota kwa sado, anajaza mpaka kileleni, anakuongeza konzi moja ya mkono kwa tabasamu, anakuita mwanangu. Ukifika nyumbani ukawapepeta, chini kabisa ungo umeacha mchanga na dagaa waliovunda. Mchanga kidogo hausemwi, dagaa walioanikwa ufukweni hawakosi. Naongelea ule uliotiwa makusudi, na wale wabichi wabichi waliofichwa chini ya wakavu. Kuna hadithi katika Sahih Muslim ambayo kila nikiisoma naiona kama imeshuka pale pale: Mtume alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa maji. Akamuuliza mwenyewe, nini hiki? Akajibu, imenyeshewa mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Anayetughushi si katika sisi. Angalieni alivyofanya. Hakuuliza jamaa anaswali wapi, alitia mkono ndani ya rundo.

Na muuzaji wetu hakomi hapo, ataapa. Wallahi mama, wa jana hawa! Hadithi nyingine, ya Bukhari na Muslim, inasema kiapo huifanya bidhaa itoke na hufuta baraka.

Msinielewe kwamba nawaita watu wa kwetu wanafiki. Jambo lenyewe ni gumu kuliko hivyo. Fundi aliyekula hela ya mabati yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba jeneza la baba yangu mdogo, na alilia, machozi ya kweli. Kabla ya kuswalia, msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo desturi: kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze aonane na ndugu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama sisi wote. Ile desturi ina asili yake. Mtume alipoletewa maiti mwenye deni asiloliachia malipo, alikataa kumswalia mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo ni juu yangu. Sisi tumelihifadhi tangazo barabara, halikosekani mazishi hata moja, na madeni ya walio hai tunazungushana nayo miaka.

Ndiyo maana nasema tumeshika adabu ya ulimi na ya msiba, tukaiacha ya mkono. Na kwa maoni yangu lawama kubwa iko mimbarini. Mavazi ya mabinti tumehubiriwa mpaka tumeyakariri. Suratul Mutaffifin, inayowaahidi adhabu wale ambao wakipimiwa hudai watimiziwe na wakiwapimia wenzao hupunguza, inasomwa kwa sauti nzuri katika swala na haishuki kwenye khutba.

Nikisema haya nitaambiwa ni umaskini: wewe unalipwa yuro, rahisi kuhubiri. Sawa, nina nafuu, na sijawahi kulala njaa kwa kukosa kuuza dagaa. Lakini Ibn Abbas kapokewa akisema kwamba Mtume alipofika Madina watu wake walikuwa miongoni mwa wabaya kabisa katika vipimo, ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha sura ile, wakatengeneza vipimo vyao. Madina ya siku zile haikuwa ya matajiri. Muhajirina walifika mikono mitupu, na Masahaba wapo waliolala msikitini kwa kukosa nyumba. Hawakungoja hali iwe nzuri, na Wakala wa Vipimo haukuwepo.

Kwa hiyo masheikh wetu wa Ujiji, nawaomba kwa heshima zote: Ijumaa moja tu, mkatuhubirie rundo la nafaka na deni la maiti, tena kwa mifano ya sokoni pale pale, sado na mabati. Fundi wangu atasikia. Safu ya kwanza huwa haikosi.