Ofisi za Tanga na swali la kuhama Zoom

Wakala wa forodha au muuzaji wa mkonge wa Tanga mwenye wateja Ulaya anajiuliza: ya nini kulipia Zoom, programu ya vikao vya video, ilhali kifurushi cha barua pepe ya ofisi mara nyingi kina Meet ya Google au Teams ya Microsoft ndani yake? Hoja ina uzito. Ankara inabaki moja. Hata kwenye huduma za bure, Zoom hukata kikao kwenye dakika 40, Meet huwaacha watu 3 au zaidi wafike dakika 60.

Lakini kuhama nako kuna gharama. Mteja amezoea linki ileile ya kila Jumatatu, na rekodi za makubaliano ziko kwenye akaunti ya zamani. Zoom ya bure haihifadhi rekodi mtandaoni, kwa hiyo pakua faili zote za MP4 na uzifungue moja moja kabla ya kusitisha malipo.

Wengi huhama kwa sababu picha inaganda, na hapo ndipo wanapokosea. Kikao cha kundi chenye picha nzuri kinahitaji kasi ya intaneti ya takriban Mbps 1 (megabiti kwa sekunde) kwenda, yaani kupakia, na Mbps 1 kurudi, jumla karibu MB 900 kwa saa. Kasi ya kupakia ikiwa ndogo, programu yoyote itaganda. Pima kasi hiyo saa 4 asubuhi, wakati ofisi nzima iko mtandaoni, kompyuta ikiwa kwenye waya na si Wi-Fi. Kompyuta mbili zikiwa vikaoni, ukapata chini ya Mbps 2 za kupakia, zima kamera: sauti peke yake haifiki hata kbps 100, sehemu ya kumi ya Mbps 1. Mwangwi nao hautibiwi kwa kuhama. Kompyuta mbili zikiwa chumba kimoja, acha maiki na spika ya moja tu.

Kwa maoni yetu, ofisi ndogo inayolipia barua pepe ihame, ila iendeshe mifumo yote miwili kwa mwezi mzima. Mialiko ya kujirudia iundwe upya kwa mkono, na hapa saa za Kiswahili zinahitaji jicho. Kikao cha saa 8 mchana kiandikwe 14:00. Ukiandika 08:00, mteja wa Hamburg ataitwa saa 12 alfajiri wakati wa baridi, saa 1 asubuhi wakati wa joto.