Kwa Kuwa Ameshalala

Shemeji yangu ana akili ya gereji. Injini ikishashushwa, basi na klachi ibadilishwe, na mipira, na kile kichuma kinachopiga kelele tangu mwaka juzi, maana ufundi unalipia mara moja. Nilipomwambia nampeleka Popi kufungwa kizazi, alikaa kidogo akiwaza, kisha akasema: "Kwa kuwa atakuwa ameshalala, wamkate na mkia."

Ningemcheka, ila na mimi nilikuwa na orodha yangu. Popi ni mbwa chotara mdogo mwenye manyoya mengi, wakati huo ana miezi saba. Kitovuni ana ngiri ambayo ncha ya kidole inaingia. Na meno yake ya utotoni yaligoma kung'oka. Chonge za ukubwani zimeota kando ya zile za zamani, mbili mbili kama papa, chakula kinanasa katikati na mdomo unanuka ungali mchanga. Kizazi, ngiri, meno. Swali langu lilikuwa moja: vyote siku moja, au nimrudishe mara tatu?

Nitasema wazi ninaposimama. Mambo ya namna hii yakiwezekana kufanywa kwa mkupuo mmoja, yafanywe. Nusu kaputi ni moja, dripu ni moja, siku za kuvaa ile kola ya plastiki na kugonga kila kiti cha nyumbani ni zilezile. Ngiri ya kitovu iko jirani kabisa na pale tumbo linapofunguliwa kutoa kizazi, kwa hiyo daktari anarefusha mpasuo kidogo na kushona vyote. Umri nao unaangukia vizuri: miezi sita au saba ndipo chonge za ukubwani zinakuwa zimetoka, na ya utotoni ambayo bado imekaa hapo haina tena sababu ya kusubiriwa.

Lakini "yakiwezekana" ndiyo kazi yote, na inategemea mnyama analazwaje. Huku kwetu mbwa wengi hulazwa kwa sindano, mara nyingi dawa ya kutuliza iitwayo zailazini ikichanganywa na ya usingizi, ketamini. Kwa kazi fupi inatosha. Tatizo ni kwamba ikishaingia imeingia, na kazi ikirefuka inabidi kuongeza dozi, na zailazini inapunguza mapigo ya moyo. Mwenye mashine ya gesi ya usingizi anafungua na kufunga kama bomba, mnyama ana mpira kooni, anapumua hewa ya oksijeni. Kwa hiyo mtu akikwambia "tutafanya vyote", muulize itachukua muda gani na atalazwa kwa dawa gani muda wote huo. Na kwa kambwa kadogo kama Popi, uliza pia kuhusu baridi. Ndiyo, hapa hapa Dar. Mnyama aliyelala hawezi kujipasha joto, tumbo liko wazi, na kiyoyozi kinapuliza.

Haya sikuyajua nilipokuwa na Bosco, mbwa wangu mwingine.

Bosco alihasiwa barazani kwangu, miaka kadhaa iliyopita. Nilipewa namba na jirani. Akaja kijana na bodaboda, begi mgongoni, mchangamfu, shikamoo nyingi. Meza ya kupigia pasi ikafutwa kwa spiriti, sindano, dakika kama ishirini, tukapeana mikono, akaondoka Bosco hajainua hata kichwa. Usiku damu ikaanza kuchuruzika na haikukata. Simu ya kijana haikupokelewa. Alfajiri tukambeba kwenye bajaji hadi kliniki, wakampima damu: ugonjwa wa kupe, ehrlikia, na chembe sahani zilizo chini mno. Hizo ndizo zinazogandisha damu. Mbwa alikuwa mgonjwa siku nyingi, anakula, anabweka, na mimi sina habari. Alipona, baada ya vidonge vya wiki nne na makovu kwenye pochi yangu.

Simlaumu sana kijana wa watu, najilaumu mimi niliyechagua kwa bei. Ila tangu siku hiyo, pwani hii yenye kupe mwaka mzima, sitampeleka mnyama kwenye kisu bila kipimo cha damu. Nikiambiwa hakina haja kwa kuwa mbwa anaonekana mzima, naaga kwa adabu.

Sasa, daktari wa kumwamini anapatikanaje? Usajili ndio mlango. Tanzania kuna Baraza la Veterinari, lililowekwa na sheria ya 2003. Kenya kuna Bodi yao, na sheria ya 2011. Mwenye shahada ya udaktari wa wanyama amesoma miaka mitano, kwetu ni Sokoine kule Morogoro. Mwenye cheti au diploma ya afya ya mifugo ana kazi yake na tunamhitaji sana, nani mwingine atachanja kuku wa kijiji kizima? Lakini tumbo la mbwa wangu halifungui. Uliza tu, "Daktari, umesajiliwa namba ngapi?" Aliyesajiliwa hakasiriki.

Hata hivyo namba haitoshi. Wengi wa madaktari wetu wamekomaa kwenye ng'ombe, na ng'ombe hufanyiwa hata upasuaji wa kuzaa akiwa amesimama, kwa ganzi ya ubavuni. Ni ufundi mkubwa, lakini ni ufundi mwingine. Mimi nauliza: mwezi uliopita umelaza mbwa na paka wangapi? Na tena: akiamka, nani anakaa naye?

Hilo la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliolazwa au kutulizwa kwa dawa. Kwa wenye afya, alikufa takribani 1 katika 2,000. Kwa wagonjwa, zaidi ya 1 katika 100. Kilichonikaa kichwani ni kwamba karibu nusu ya waliokufa walikufa kazi ikiwa imekwisha, na wengi wa hao ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani ule muda ambao Bosco alikuwa amelala kwenye zulia langu na mimi nachambua mchele.

Popi nilimpeleka kliniki ya wilaya ya jirani. Daktari ni dada mdogo kiumri, maneno machache. Nikamsomea orodha yangu. Kizazi na ngiri, sawa. Meno, sawa pia, ila atayang'oa mwishoni, tumbo likishafungwa na kufunikwa, kwa sababu mdomo una bakteria na hataki vikaribiane. Akaniambia kama angekuwa mbwa mzee mwenye ukoga na fizi zilizooza angenirudisha siku nyingine. Wapo wenzake, alisema, wasiochanganya mdomo na tumbo hata kidogo, na hawajakosea.

Nikaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, habari ya mkia. Nilikuwa nimemwahidi shemeji nitauliza.

"Mkia una nini, Mama Neema?"

"Hauna kitu."

"Basi huo siukati. Ni mifupa na neva, na anautumia kila siku kuongea na nyie. Kama shemeji anataka, aje tuzungumze."

Hapo ndipo nilipomwamini, zaidi ya alipokubali yale matatu. Angeweza kuniandikia kwenye risiti nikalipa. (Bei siandiki. Ukiandika leo, kesho imepanda na unaonekana mwongo.) Nimeshakutana na wa upande mwingine, yule ambaye kila unachotaja anasema "hamna shida", na ukimaliza anakuongezea viwili vyake. Orodha ndefu ni kipimo kizuri cha daktari kuliko kabati lenye vyeti: mpe vitano, uone anakataa kipi na kwa sababu gani.

Siku yenyewe haikuwa na hadithi. Chakula mwisho saa nne usiku, maji aliachiwa hadi asubuhi. Kipimo cha kupe kilikuwa safi. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo niliziona kwa macho yangu, na msichana wa kliniki alikaa na Popi sakafuni mpaka aliposimama mwenyewe, akiyumba kama mlevi wa sikukuu. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama mbwa ana bima, maana yeye hana.

Daktari alinipa zile chonge za utotoni kwenye kichupa. Nilidhani nitazitupa, lakini Neema alishazichukua, akatoka nje, akazirusha juu ya bati kama alivyorusha za kwake, na Popi amekaa mlangoni na kola yake akimtazama.