Usaili raundi sita, kazi yenyewe hawaijui

Tangazo linasema anatafutwa mtu wa kuanza kazi mara moja. Haya, omba sasa uone.

Unapakia CV. Mfumo unaipokea, unakushukuru, halafu unakufungulia fomu ndefu ujaze yaleyale yaliyomo kwenye CV: shule, mwaka, mwajiri, cheo, sababu ya kuondoka. Kama uliipamba kwa safu mbili, jedwali na vipicha vya simu na bahasha, umeula wa chuya. Baadhi ya programu za kuchambua maombi husoma mstari kutoka kushoto hadi kulia bila kujali kuna safu mbili, basi cheo chako kinaungana na jina la shule na wewe unatokea kuwa Mhasibu Mkuu wa Shule ya Msingi. Hakikisha kabla ya kutuma: nakili maandishi yote ya PDF, yabandike kwenye faili tupu. Ukiona vurugu, ujue na mfumo umeona vurugu hiyohiyo. Dawa yake ni CV kavu, safu moja, vichwa vya kawaida, na namba ya simu ikae ndani ya ukurasa, si kule juu kwenye kijuu ambako programu nyingine hazichungulii. Haipendezi machoni. Inasomeka.

Halafu kuna yale maswali ya ndiyo na hapana. Una uzoefu wa miaka 5? Unao wa miaka 4 na miezi 10, wewe mcha Mungu unajibu hapana, na saa nane usiku barua ya kukataliwa imeshaingia. Nani aliyeisoma CV saa nane usiku? Hakuna. Kesho utawasikia wanalia kwamba watu wenye sifa hawapatikani.

Ukipenya hapo, unaitwa kwenye usaili wa video usio na msaili. Swali linatokea kwenye skrini, unapewa labda sekunde 30 za kufikiri na dakika 2 za kujibu, mara nyingi bila nafasi ya kurudia. Unajieleza mbele ya kioo, hakuna wa kutikisa kichwa, hakuna wa kuguna. Ujanja ni mdogo tu: ziba kwa karatasi ile sehemu inayoonyesha sura yako, la sivyo macho yatabaki humo badala ya kwenye kamera. Mwanga uwe mbele yako. Ukikaa na dirisha mgongoni unageuka kivuli kama shahidi anayefichwa sura kwenye runinga.

Sasa njoo kwenye raundi, maana hapa ndipo damu inapochemka. Raundi ya kwanza mtu wa rasilimali watu, ya pili meneja, ya tatu wenzako watarajiwa, ya nne mkuu wa idara, ya tano "mazungumzo mafupi tu ya kufahamiana", ya sita mkubwa mmoja aliyekuwa safarini. Wote sita wanaanza na "hebu tueleze kidogo kuhusu wewe". Hakuna aliyesoma alichoandika mwenzake, kama kuna aliyeandika. Google, pamoja na ukubwa wao, walichunguza usaili wao wenyewe wakaona mahojiano manne yanatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86, na yanayoongezwa baada ya hapo hayaongezi la maana. Lakini ofisi ya watu thelathini inataka sita!

Na raundi hazizidi kwa sababu wanakuchunguza sana. Zinazidi kwa sababu hakuna aliyekaa chini kabla ya tangazo akaandika: kazi hii ni kufanya nini, na aliyefaa tutamjuaje. Usaili wa maana una maswali yaleyale kwa waombaji wote, alama zilizopangwa mapema, na kila msaili anaandika alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85, wakakuta usaili uliopangwa hivyo unabashiri utendaji kazini vizuri kuliko usaili wa soga tu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakapiga hesabu upya, makadirio mengi yakashuka, na bado usaili uliopangwa ukatoka kidedea. Soga hupima kama msaili amekupenda. Na msaili humpenda sana anayefanana naye.

Bila vigezo, basi, wanauliza la kichwani. "Udhaifu wako mkubwa ni upi?" Hapo kila mtu duniani ghafla ni mchapakazi kupita kiasi. Wengine wanaleta mafumbo. Ugonjwa wa zamani huo: mwaka 1921 mtihani wa Thomas Edison kwa waombaji kazi ulivuja magazetini, maswali zaidi ya 140 ya kila kitu chini ya jua. Einstein, yule mwanafizikia, aliulizwa lile la kasi ya sauti, akasema hajazi kichwa chake mambo yanayopatikana vitabuni. Kazi ya Edison angeikosa, maskini.

Swali la haki likija, lile la "tupe mfano wa siku uliyokwama", lijibu kwa mpangilio: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Hali usiizidishe sekunde 20. Wengi humaliza dakika zote wakisimulia mgogoro wa ofisi, na walichofanya wao hakisikiki.

Kisha kazi ya nyumbani. "Haitazidi saa 3," wanasema, na inameza Jumamosi yote na Jumapili asubuhi. Kabla hujagusa, uliza nani ataisoma, kwa vigezo gani, na kama mteja aliyetajwa humo ni wa kweli. Wakikwambia ni mteja wa kweli na mpango unatakiwa Jumatatu, ndugu yangu, huo si usaili, umeshaajiriwa bila mshahara. Vinginevyo fanya saa 3 kweli, acha, na mwisho andika mistari michache ya ambayo ungeongeza ukipewa muda.

Mshahara nao ni danadana. Bajeti wanayo, imeshapitishwa, lakini wewe ndiye utaje kwanza. Waulize kiwango mapema, raundi ya kwanza, kwa upole. Jiji la New York limewalazimisha waajiri kukiandika kwenye tangazo tangu Novemba 2022, na wapo waliotii kwa kuandika kiwango kipana kiasi kwamba mfagiaji na mkurugenzi wote wanaenea.

Baada ya raundi ya sita, kimya. Usitoke chumbani bila kuuliza jibu litatoka lini na nani atalitoa. Siku hiyo ikipita, ongeza siku 5 za kazi, andika barua pepe ya mistari mitatu, kisha endelea kuomba kwingine. Aliye katika Umoja wa Ulaya ana silaha zaidi: chini ya sheria ya data ya GDPR, inayotumika tangu 2018, anaweza kudai nakala ya taarifa zake, hata maelezo ya wasaili, na kwa kawaida wana mwezi 1 wa kujibu. Sisi wengine tunangoja.

Jibu likija, linatoka kwenye anwani isiyopokea majibu. Wamevutiwa sana na sifa zako, ila. Chini kuna kiungo: tafadhali tumia dakika 10 kutathmini huduma yetu kwa waombaji. Unafungua, unakuta maswali yamepangwa vizuri, ni yaleyale kwa kila mwombaji, kila moja na alama zake kutoka 0 hadi 10, na maelezo ya kila alama pembeni. Kumbe kuandika vigezo wanajua!